Kamba Mbili Juu ya Nyumba ya Mama Katungu

Chukueni msumari, muupige kwenye ubao mpaka nusu yake ibaki nje, kisha mniambie nukta iko wapi. Wengi wenu mtaonyesha kichwa cha msumari. Mimi pia nilionyesha kichwa, siku ya kwanza niliposimama mbele ya Papa Kakule, fundi wa kujenga wa hapa Mususa, mtaa wa Butembo, ambaye karibu yote ninayoyajua nimeyapata kwake. Aliniangalia kwa upole, kama mtu anavyomwangalia mgonjwa.

“Kichwa ya msumari iko na upana,” alisema. “Inzi anaweza kutembea pale juu, ageuke, arudi. Nukta hapana kitu ya kutembelea.”

Kisha akafunga kamba kwenye ule msumari, akaivuta mpaka msumari wa pili, akaniuliza kamba imepita upande gani. Upande wa ndani au wa nje? Sikujua kama swali hilo lina maana yoyote, nikajibu kwamba imepita tu. Akacheka mpaka akakaa chini. Ndipo akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi: nukta ni mahali tu, haina unene. Msumari unatusaidia kupashika mahali pale, lakini wenyewe una unene. Kama kamba inapita upande wa ndani wa msumari huu na upande wa nje wa ule mwingine, mstari wako umeshapinda kwa unene wa msumari kabla hujaweka tofali la kwanza. Ukifanya hivyo kwenye kuta nne, nyumba itakataa kufunga pembe ya mwisho, na utakaa siku nzima unamlaumu aliyekuuzia mètre ya kupimia. Chagueni upande mmoja, mubaki nao mpaka nyumba iishe.

Nimeacha kazi sasa kwa sababu magoti yamekataa ngazi. Lakini vijana wa shule ya ufundi wanapita kwangu na madaftari, wananionyesha michoro ya nukta, mistari na bapa, na nyuso zao zinasema wamekutana na ugonjwa mpya. Nawaambia wafunge daftari kwanza, waangalie chumba tulimokaa. Ukuta ule ni bapa: uso ulionyooka kila upande, ambao ukiulazia ubao mnyoofu mahali popote, huoni mwanga chini yake. Ukuta huu mwingine ni bapa la pili. Pale yanapokutana, kuanzia chini mpaka juu, pana mstari. Hakuna aliyeuchora, umetokea wenyewe kwa sababu mabapa mawili yamekutana. Sasa inueni macho mpaka pale mstari huo unapogusa dari. Pale ni nukta. Basi, somo la mwezi mzima limo katika pembe ya chumba, na buibui ameshalijua, maana ndipo anapofunga uzi wake.

Kamba ndiyo mwalimu mkubwa, lakini ni mwalimu mwenye tabia zake. Kamba ndefu inalegea katikati, hata ukiivuta mpaka vidole viume. Upepo wa mlimani unaisukuma. Na kosa ninaloliona kila mahali ninapopita ni hili: fundi anasukuma tofali mpaka liguse kamba. Tofali la kwanza linaisukuma kidogo sana, la pili linaongeza, la kumi limeshaifanya kamba kuwa tumbo la mjamzito, na fundi anafuata tumbo hilo huku akijisifu kwamba anafuata kamba. Acheni nafasi ndogo kati ya tofali na kamba, kama unene wa kucha. Kamba ikae huru.

Nukta mbili zinatosha kwa mstari. Kwa bapa unahitaji tatu, na tatu hizo zisiwe kwenye mstari mmoja. Mkitaka kuamini, nendeni mjini muangalie pikipiki zinazongoja abiria. Gurudumu la mbele linagusa chini, la nyuma linagusa, na ule mguu mdogo wa pembeni unagusa. Barabara zetu mnazijua, hakuna mahali pa sawa hata pa kuweka kikombe, lakini pikipiki zote zimesimama na wenyewe wamelala juu yake. Kisha ingieni katika mgahawa wowote muagize chai. Meza ina miguu minne, na chini ya mguu mmoja utakuta karatasi iliyokunjwa. Miguu mitatu imeshachagua bapa lake, wa nne umekosa nafasi, ndiyo maana chai inamwagika.

Siku hizi madukani kwetu wanauza vile vifaa vya taa nyekundu vinavyopiga mstari ukutani. Ni vizuri, mimi siwachukii wenye navyo. Muangalie tu vinasimama juu ya nini. Ni miguu mitatu. Aliyevitengeneza alijua. Lakini juzi nilimkuta kijana mmoja ameiweka taa yake juu ya meza ya kuazima, yenye miguu minne, na kila alipoegemea meza, mstari ulipanda na kushuka ukutani, naye akiufuata na kalamu.

Nilicheka, lakini kidogo tu, kwa sababu nilikumbuka nyumba ya Mama Katungu.

Mimi ni mzaliwa wa Beni. Ardhi ya kule ni ya upole. Mjomba wangu alinifundisha kupanga matofali mahali ambapo ukisimama juu ya ukuta unaona vichwa vya miti ya msitu vimelala mbali, sawa kama vimepigwa rula. Mjomba alifunga jicho moja, akalinganisha ukuta na ule msitu, akasema “iko bien”, yaani iko sawa, na kweli ilikuwa bien. Nilipopanda Butembo kutafuta kazi nilikuja na mwiko mmoja, suruali mbili na jicho hilo. Nililiamini kuliko chombo chochote.

Papa Kakule alikuwa na tuyo, mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, mrefu kama nyumba. Aliujaza maji, mtu mmoja akishika ncha huku na mwingine akishika ncha kule, na maji yakitulia, pande zote mbili yanasimama kimo kimoja, hata kama mko kwenye mteremko wa kuangusha mbuzi. Maji hayana mtu wanayempendelea. Lakini tuyo inataka watu wawili wenye subira, na mimi niliiona kama kitu cha wazee.

Mama Katungu alikuwa mjane, mtu wa Masereka, anauza viazi sokoni na analea mabinti watatu. Alikuwa na kiwanja kidogo kwenye mteremko hapa Mususa. Matofali ya nyumba yake aliyafinyanga mwenyewe pamoja na mabinti, ya udongo mbichi uliokaushwa na jua, na maji ya kufinyangia waliyabeba kutoka mtoni, chini kabisa bondeni. Na ile ilikuwa mara ya pili. Msimu uliotangulia, fundi mwingine alimpandishia kuta, paa likachelewa, mvua ikaja. Mnajua tofali mbichi lisilo na paa linavyofanya. Katika siku chache kuta zilirudi kuwa matope, na yeye akaanza tena kufinyanga kwa udongo uleule.

Alipokuja kwa Papa Kakule alisema neno ambalo sijalisahau.

“Papa, mi hapana omba nyumba muzuri. Naomba nyumba ya kufunikwa.”

Tulianza kazi. Nyumba ilikuwa ndogo, ya paa la mteremko mmoja: ukuta wa mbele mrefu, wa nyuma mfupi, ili maji yakimbilie nyuma. Papa Kakule aliumaliza ukuta wa nyuma mwenyewe, kwa tuyo. Wa mbele ulikuwa umebakiza safu sita tu za matofali. Hapo ndipo ujumbe ulipofika kwamba shangazi yake amefariki Masereka. Ilibidi aende matanga.

“Katembo,” aliniambia akiwa ameshapanda pikipiki, “ule ukuta ya mbele, utumie tuyo. Uite mutu akushikilie ule upande ingine. Umesikia?”

“Nimesikia, Papa.”

Nilikuwa nimesikia kweli. Lakini asubuhi ile mabinti walikuwa shuleni, Mama Katungu alikuwa sokoni, na ng’ambo ya bonde nilikuwa naona kilima chenye mstari wa mikaratusi juu yake, umenyooka kama ule msitu wa Beni. Nikafunga jicho moja. Nikapanga safu sita za matofali, kila safu nikiilinganisha na mikaratusi. Nikasema iko bien.

Vijana, hapa kwetu milimani usiamini mstari wa ng’ambo. Kilima kile kilikuwa kinashuka polepole upande wa kulia, nami nilishuka nacho bila kujua. Upande wa kulia udongo wangu kati ya matofali ulizidi kuwa mwembamba, na niliona, nikajiambia ni matofali yenyewe hayalingani.

Jumamosi tulikuwa tumepanga kufunika nyumba kwa paa. Seremala, Muhindo, mtu wa maneno mengi na kazi safi, alikuwa amefunga kiunzi cha paa chini barabarani, kizima, kwa miti ya mikaratusi. Majirani walikuja kukibeba, wanaume kumi na zaidi, wakiimba, wakakipandisha juu ya kuta. Asubuhi hiyohiyo tulikuwa tumeondoa plastiki na majani ya migomba yaliyofunika kuta, kwa hiyo matofali yalikuwa wazi. Na upande wa mlima wingu lilikuwa limeshakaa, zito, la rangi ya chungu.

Kiunzi kilipotua, kilicheza. Muhindo alikanyaga pembe ya mlango, ile ya mbele upande wa kulia, na pembe ya nyuma upande wa kushoto ikainuka. Akaenda kukanyaga ile ya nyuma, ya mlango ikainuka. Alifanya hivyo mara tatu, huku na huku, na majirani wakaanza kucheka.

“Katembo,” Muhindo aliita kutoka juu, “weye umejenga nyumba ao pirogi ya kuyumba mu maji?”

“Ukuta wangu hapana kitu. Ni miti yako imepinda.”

“Miti yangu? Mi nilifunga hii paa katikati ya barabara, batu bote banapita, hata mbuzi zinapita. Kama ilipinda, mbuzi ingesema.”

“Basi mbuzi yako haijui kazi.”

“Ndiyo, lakini haiko mbuzi ilijenga ile ukuta.”

Watu walicheka zaidi. Mama Katungu hakucheka. Alikuwa amesimama na pipa lake tupu la plastiki mkononi, anaangalia wingu.

“Munabishana,” alisema, “na mvula iko nakuya.”

Mmoja wa majirani akasema dawa ni kubomoa ukuta wa mbele wote na kuuanza upya wiki ijayo. Mwingine akakubali. Niliona mkono wa Mama Katungu ukikaza kwenye ukingo wa pipa. Sisi sote tulijua kwamba wiki ijayo pasingekuwa na ukuta wa kuanza upya. Na mimi, ambaye moyoni nilikuwa nimeshakumbuka mikaratusi, bado sikufungua mdomo.

Pikipiki ilisimama barabarani. Papa Kakule alikuwa amerudi kutoka matanga, bado amevaa koti lake la kanisani. Alimsalimu kwanza Mama Katungu, akapokea pole za majirani, kisha akamsikiliza Muhindo, akanisikiliza mimi. Hakuuliza nani ana kosa.

“Muhindo, shusheni ile kiunzi hapa chini. Katembo, leta kamba mbili. Na mutu asivunje kitu.”

Kiunzi kilishushwa, kikalazwa kwenye vigingi. Papa Kakule akafunga kamba ya kwanza kutoka pembe moja mpaka pembe inayoikabili, na ya pili kutoka pembe zile nyingine mbili, hivi kwamba zinakatana katikati. Sikilizeni vizuri, maana hili ndilo jambo moja ningependa mkumbuke hata mkisahau jina langu. Mistari miwili inayokutana iko kwenye bapa moja, lazima. Kama kamba mbili za pembe kwa pembe zinabusiana katikati, pembe zote nne ziko kwenye bapa moja. Kama zinapishana bila kugusana, kuna pembe imetoka. Na mkague mara mbili: ile iliyopita chini muipitishe juu, maana kamba ya chini inaweza kuwa imeinua ya juu kwa siri na mkadhani zinabusiana.

Kwenye kiunzi cha Muhindo zilibusiana. Papa Kakule akazibadilisha, zikabusiana tena.

“Mbuzi ilisema kweli,” Muhindo alisema.

Kisha tukapanda juu ya kuta na kamba zilezile. Tukafunga pembe kwa pembe. Kamba iliyotoka pembe ya mlango ilipita chini ya mwenzake, na kati yao palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Kila mtu aliyesimama pale chini aliiona nafasi ile na mawingu nyuma yake.

Papa Kakule aliniangalia. Bado hakuuliza.

“Ni mimi,” nikasema. “Sikutumia tuyo. Nilipima na jicho, nikafuata ile mikaratusi ya ng’ambo.”

“Na miti yangu?” Muhindo aliuliza.

“Miti yako ni mizuri.”

“Sema tena, bale ba nyuma habakusikia.”

“Miti yako ni mizuri, Muhindo.”

Papa Kakule alikuwa ameshaacha kutusikiliza. Alikuwa amechuchumaa juu ya ukuta, ananieleza kana kwamba tuna siku nzima, na hivyo ndivyo nitakavyomkumbuka daima. Pembe tatu, alisema, haziwezi kugombana. Pembe tatu zozote zina bapa lao, ya nne ndiyo inayotakiwa kukubali. Kwa hiyo kuna pembe moja tu ya kutengeneza, na hakuna amri kwamba lazima iwe ileile iliyokosewa. Unaweza kuinua kamba ya chini, au kushusha ya juu. Katikati nafasi ni vidole viwili. Pembeni ni mara mbili yake, vinne, kwa sababu katikati ni nusu ya safari.

“Kuinua, unahitaji udongo mubichi,” alisema. “Udongo mubichi na hii mvula, paa itazama ndani yake. Donc, basi, tutashusha.”

Kamba ya juu ilikuwa na ncha mbili, mbele kushoto na nyuma kulia. Nyuma kulia ndipo jiko la Mama Katungu lilipokuwa. Papa Kakule aliinama, akamwita.

“Mama Katungu, nikishusha ile pembe ya mbele, nyumba yako itakaa sawa, kama tulivyosema. Nikishusha ile ya jiko, paa yote italala kidogo upande wa jiko, vidole ine tu, hakuna mutu ataona. Maji ya nyuma yote itakimbia kwa pembe moja. Unapenda gani?”

Mama Katungu aliangalia pembe ile, akaliangalia pipa lake, akaangalia chini bondeni kwenye ile njia ya mto.

“Ya jiko,” alisema.

Sasa muelewe ukuta wa nyuma ulikuwa wa nani. Ulikuwa wa Papa Kakule, alioujenga kwa tuyo, uliokuwa sawa kuliko ukuta wowote katika mtaa ule. Alivua koti lake la matanga, akaomba panga, akaanza kuukata kuanzia pembe ya jiko, vidole vinne pale, akipunguza polepole kuelekea pembe nyingine mpaka panga likakosa cha kukata. Nilimwambia, “Papa, hiyo ni kazi yako nzuri, acha tukate wangu.” Akasema bila kuinua kichwa, “Mama amesema anapenda maji pale. Weye kata ile ukuta ya pembeni, upande ya kulia, na ufuate kamba. Jicho uache hapo chini.”

Nikakata, nikafuata kamba. Tulipozifunga tena pembe kwa pembe zilibusiana, tukazibadilisha, zikabusiana. Majirani walikiinua kiunzi bila kuimba safari hii, kwa haraka, na kilipotua Muhindo alikanyaga pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna iliyojibu. Akaanza kupigilia mabati, nami nikimpa misumari kutoka mdomoni mwangu, mmoja mmoja. Bati la mwisho tulilipigilia matone yakiwa yameshaanza kulia juu ya la kwanza. Kule nyuma Papa Kakule alikuwa anafunga mfereji wa bati, na Mama Katungu ameshaliweka pipa chini ya pembe ya jiko.

Mvua ilikuja kama inavyokuja Butembo, yote kwa mara moja. Majirani walikimbilia ndani, wakajaa. Mimi nilibaki nje chini ya ukingo wa paa, nimeloa, naangalia ule mfereji. Maji yalitoka upande wote wa nyuma, yakageuka, yakaja kwenye pembe moja bila mtu kuyaonyesha njia. Mabinti watatu walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza pipa likijaa, na yule mkubwa akamwambia mdogo wake kwamba kesho hakuna kushuka mtoni.

“Katembo,” Mama Katungu aliita kutoka ndani, “unafanya nini inje? Ingia.”

Nikasema niko na matope, nitamchafulia.

“Ni nyumba yangu, mi najua. Ingia.”

Nikaingia. Ndani palikuwa na giza na kelele za bati, watu wakiongea kwa sauti kubwa ili wasikiane. Mama Katungu alikuwa anazunguka chumba taratibu, ameweka kiganja ukutani, anakipitisha kutoka pembe mpaka pembe, chini na juu, kama mtu anayemkagua mtoto aliyeanguka. Alipofika nilipokuwa alinishika mkono, akaubandika ukutani, pale nilipokuwa nimepanga safu zangu sita. Tulisimama hivyo, tukisikiliza mvua upande wa pili.

Ukuta ulikuwa mkavu.